Mbuzi Asiye na Mwenyewe

Uligeuza uso. Usikatae. Siku muuguzi wa chanjo alipozabwa kofi mbele ya watoto kwenye njia ya Kibua, ulikuwa papo hapo kwenye foleni, ukainama kumfunga mwanao kofia iliyokuwa imefungwa tayari. Siku yule wa maabara alipofukuzwa na panga kwa sababu damu ilionyesha ugonjwa ambao mwenye damu hakuutaka, ulisema, "Labda alimjibu vibaya." Siku mkunga alipovunjwa jino na mume wa mzazi, ulisema mume alikuwa na uchungu. Aliyekuwa na uchungu ni mzazi, na hakumpiga mtu. Ulizisahau siku hizo zote. Kuna wasiosahau.

Basi soma ya Claudette Umugwaneza, na mara hii macho yabaki mbele.

Sophie Kasika alifika asubuhi kwa pikipiki kutoka Kibua, akiwa nyuma ya polisi Damien, wote wawili matope hadi magotini. Alikuwa afisa wa upelelezi, wale tunaowaita OPJ, mama mfupi wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Kituo cha afya kimesimama juu ya kilima mahali Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia. Polisi wa upande mmoja walisema kituo kiko upande wa pili. Wa upande wa pili wakasema hivyohivyo. Kasika aliwauliza, "Na yule mama mwenye walipasua kichwa, iko upande gani?" Akapanda pikipiki.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Jana mchana, mvua ikipiga mabati hata watu hawasikilizani, muuguzi Claudette alikuwa katika chumba cha wanaume amegeukia meza ya dawa. Mtu alimpiga kisogoni kwa ule mti mrefu wenye mguu wa chuma, wanaotundikia seromu, yale maji ya dripu. Alianguka bila kuona aliyempiga. Chumbani mlikuwa na wagonjwa wawili tu. Mmoja ni Shema, kijana mkimbizi wa vita asiye na ndugu kilimani, mwenye malaria iliyopanda kichwani. Wa pili ni Papa Valens, mwenye mashamba upande wa chini, rais wa komite ya afya, mtu ambaye jina lake huimbwa kila bati jipya likipigwa misumari kituoni.

Kufikia jioni, kilima kizima kilikuwa kimekwisha kusema: ni yule mwenye wazimu.

Kwenye meza ya mapokezi Kasika alikuta bluzi mbili nyeupe za uuguzi zimekunjwa. Moja ilikuwa na damu shingoni. Nyingine ilikuwa safi.

"Hizi ni nini?"

Mkuu wa kituo, titulaire Callixte, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alijikuna kidevu. "Ya Mama Claudette na ya Kétsia, muuguzi mwenzake. Wanasema hawatavaa tena mpaka mwenye alipiga ajulikane. Mama OPJ, niliwaambia anajulikana! Iko mule, wamemufunga kamba. Komite inaomba umushushe leo, watu watulie."

"Nani anatibu wagonjwa sasa?"

"Mimi peke yangu."

"Na akina mama hawa wote wa mimba?"

Callixte aliangalia veranda. Wanawake walikuwa wamekaa benchi nzima, matumbo mbele, wanasikiliza kwa bidii ya watu wanaojifanya hawasikilizi. Huo ndio mzigo wa siku ile, msomaji, usiupoteze: Claudette na Kétsia wakiondoka, kuanzia kilimani hapo mpaka chini Kalembe hakuna mwingine wa kumpokea mtoto mkononi. Na Shema akishushwa na kamba katika hali ile, hafiki.

"Labda tena si yeye," Callixte aliongeza haraka, bila kuulizwa. "Inawezekana ni vijana ya pori, wale ya bunduki. Wanapitaka huku kutafuta dawa."

Kasika alimtazama. "Sasa hivi ulisema anajulikana."

"Nasema tu inawezekana."

Aligeukia benchi. "Mama zangu, jana wakati ya mvua mulikuwa hapa?"

"Tungeenda wapi?" alijibu mmoja, mwanamke mwembamba aliyebeba mimba kubwa kana kwamba ameiazima. Aliitwa Mukagasana. "Tulikuwa tumebanana hapa kama muhogo mu gunia."

"Mulango ya chumba ya wanaume ni hii moja tu?"

"Ni hiyo."

"Kuna muntu aliingia? Kijana, mugeni, muntu na bunduki?"

Wanawake walicheka. "Mama OPJ, hata kuku haingepita," Mukagasana alisema. "Dada hapa alikuwa ametandika miguu yake mu mulango kabisa. Titulaire mwenyewe aliruka juu yake wakati alikimbia kuingia."

"Aliniruka kama mufereji!" alisema mwenye miguu.

"Basi vijana ya pori wametoka mu kesi," Kasika alimwambia Callixte. "Na wewe Mama, uliona nini?"

"Mimi? Nilikuwa naangalia mvua."

Kasika alikaa kidogo mahali pa Mukagasana kwenye benchi. Mvua ingekuwa mgongoni mwake. Mbele ya uso kulikuwa na dirisha la chumba cha wanaume, na wavu wake wa mbu uliotoboka. Alisimama.

Damien alikuwa amesimama uani akitazama nguzo ya nyumba ya wazazi, wanakojifungulia akina mama. Mbuzi jike wa rangi ya kahawia alifungwa hapo, anatafuna katoni ya glavu.

"Mama, hata mbuzi imekuja kujifungua?" Damien aliuliza.

"Ni ya komite," Callixte alisema. "Kwa kumuambia Mama Claudette pole. Juu ya yule kijana, hana familia."

"Komite ilileta mbuzi," Kasika alisema.

"Ndiyo."

"Jana ao leo?"

"Jana, jua ikianza kuingia. Sikuona mwenye aliifunga."

Kasika hakuandika kitu. Alimtazama mbuzi muda mrefu kuliko alivyomtazama Callixte, kisha akaingia chumbani.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne, viwili vitupu. Karibu na dirisha alilala Shema, kijana wa miaka ya ishirini hivi, midomo imepasuka, miguu yote miwili imefungwa kamba ya mbuzi kwenye chuma cha kitanda. Seromu yake ilining'inia kwenye msumari wa dirisha, mrija ukishuka hadi mkono wake wa kushoto. Kwenye kitanda cha mbali, karibu na meza ya dawa, aliketi Papa Valens amejifunika blanketi mpaka kifuani, mtu mnene, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Seromu yake ilikuwa juu ya mti wenye mguu wa chuma. Mkewe, Mama Nyiransabimana, alikuwa anamkatia bugali na kumtia mdomoni.

"Karibu, Mama OPJ," Valens alisema, amemeza. "Samahani, unanikuta nakula. Ona mambo ya aibu kijana huyu ametuletea. Miaka yote nilipigania hii kituo."

"Pole na ugonjwa, Papa Rais. Hii miti ya seromu iko ngapi?"

"Moja tu. Wazungu walituahidi ingine."

"Iko yako?"

"Niliomba wanipe. Muzee kama mimi hawezi kutundikiwa kwa musumari."

"Na jana iliondoka kwako namna gani?"

"Kijana aliinuka na wazimu yake. Alikuja, akaikamata, akamupiga mama, akarudi akalala. Nilipiga kelele lakini mvua ilikuwa kali."

"Seromu yako ilikuwa inatundikwa juu yake?"

Valens alivuta blanketi juu zaidi. "Ilianguka."

"Hmm." Kasika alimgeukia mke. "Mama, juu ya nini unamulisha? Muzee hana mikono?"

"Mukono ya kula iko na seromu," Nyiransabimana alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua macho.

Ilikuwa kweli. Sindano ilikuwa imechomwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa chini ya blanketi.

Kasika alikwenda kwa Shema. Plasta ya mkono wake ilikuwa ya zamani, imekauka, kingo zimeshika vumbi, wala hakuna damu. Kuuchomoa mrija wa mgonjwa ili aupime hakuthubutu. Alimwita Callixte alete mrija mpya wa namna ileile, uliofungwa bado.

"Ya nini, Mama?"

"Lete tu, Papa Titulaire."

Aliupasua mfuko, akafunga kichwa cha mrija kwenye msumari wa dirisha, akaushika mwisho wake mkononi kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Kisha akaanza kutembea kuelekea meza ya dawa. Alipita kitanda cha Shema. Mrija ulinyooka. Alipofika kitanda kitupu cha katikati ukamvuta mkono nyuma. Alinyoosha mkono mwingine kadiri alivyoweza. Kati ya vidole vyake na meza ya dawa bado palitosha mtu kulala, na kwenye mguu wa meza palikuwa na matone ya damu yaliyokauka.

Nje, kwenye dirisha, vichwa vya wanawake vilikuwa vimejaa.

"Haifike," alisema mmoja.

"Haifike!" wakarudia.

"Kelele!" Valens alisema. "Alichomoa kwanza. Muntu ya wazimu anachomoa."

"Inawezekana," Kasika alisema. "Papa Callixte, wewe njo ulikimbia wa kwanza. Ulikuta seromu ya Shema namna gani?"

Callixte alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Ilikuwa inaangusha matone."

"Ndani ya mukono?"

"Ndani ya mukono."

"Ulimubadilishia plasta?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alichomoa, akaenda kupiga muntu, akarudi, akajichoma mwenyewe mu mushipa ileile, akajibandika plasta ileile, na vumbi yake. Damien, huyu kijana akipona tumutafutie kazi ya kuganga."

Damien alicheka. Akacheka peke yake, maana Nyiransabimana alikuwa ameacha kukata bugali.

"Mumufungue kamba," Kasika alisema.

Claudette alikuwa katika nyumba ya wazazi, amelazwa kitanda cha kujifungulia kwa sababu hakikuwapo kingine. Kétsia, msichana mwenye mabega mapana na mikono isiyotulia, alikuwa amemshona kisogo na kumfunga bandeji kama kilemba. Chini ya bandeji, Claudette alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati na hana mpango wa kusamehe hilo.

"Unaweza kuongea, dada?"

"Kichwa njo kilipigwa. Mudomo iko muzima."

Kasika alivuta kiti. "Niambie mambo ya jana, mbele ya kupigwa."

"Kulibaki dawa ya sindano ya malaria kali ya muntu mumoja. Papa Valens alisema ni yake. Nikamuambia hapana, yako ni malaria ya kawaida na kutapika, seromu na vidonge vinatosha. Nikamupa Shema. Shema alikuwa anakufa. Papa Valens alikuwa anakasirika. Ni magonjwa mbili tofauti."

Kétsia alicheka kwa puani.

"Alijibu nini?"

"Aliniuliza kama najua nani alinunua bati ya juu ya kichwa yangu. Nikamuambia niko nalishukuru bati. Nikageuka kutengeneza vidonge vyake. Vidonge vyake yeye, Mama. Nikasikia mvua, kisha sikusikia tena."

"Swali ingine. Seromu unaitiaka mukono gani?"

"Mukono wenye muntu hakulake. Ninaulizaka kila mugonjwa: unakulaka na mukono gani? Juu akae anajilisha. Muntu mwenye anajilisha anapona mbio, tena hana aibu."

"Kila mugonjwa?"

"Hata kichaa. Hata rais."

"Papa Valens anakulaka na ya gani?"

"Kuume. Nilimuchoma kushoto." Claudette aliinuka kwa kiwiko. "Juu ya nini?"

"Leo asubuhi iko kuume. Bibi yake anamutia bugali mu kinywa kama mutoto."

Wauguzi wawili walitazamana. Kétsia alitikisa kichwa: si yeye. Basi amebaki mmoja tu kilimani anayejua kuchoma mshipa.

"Callixte," alisema Claudette. Akalala tena. Hilo lilimwuma kuliko kisogo.

Kasika alimkuta Callixte nyuma ya ghala ya dawa, anaosha mikono ambayo ilikuwa safi.

"Papa Titulaire, jana ulichoma Papa Valens upya."

"Mushipa ilikuwa imevimba."

"Ilivimba ao ilipasuka?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Nitakuambia mimi," Kasika alisema. "Muti iko na mguu ya chuma, muzito. Muntu anaiinua na mikono yote mbili. Akiiinua, mrija inavutwa, sindano inatoka, damu inatiririka. Chini ya kitanda yake mulisugua, lakini kwa mguu ya meza ya dawa hamukufika. Matone iko pale, yanaenda na kurudi. Claudette alianguka upande ingine kabisa. Ulimukuta Papa Valens anatoka damu mukono ya kushoto, na Mama Claudette iko chini. Wewe ukaanza na nani?"

Callixte alifunga bomba. "Nilianza na Claudette. Naapa."

"Naamini. Na kisha?"

"Kisha akaniambia, titulaire, uliona ni kichaa. Nikasema, ndiyo, Rais." Aliinua mkono wa shati. Kwenye kigasha palikuwa na kovu refu lililopinda. "Hii, mugonjwa alinikata na chupa, mwaka ya kipindupindu. Yeye Valens njo alisema tusifanye kesi, watu wataogopa kuja. Tukakula mbuzi, ikaisha. Mama, sisi wote tulizoea. Unapigwa, unakula mbuzi, kesho unavaa bluzi. Wakati vijana ya pori wanakuja, Valens njo anaongea nao wasichukue dawa. Akituachilia, nani atasimama hapo mulangoni?"

"Jana alikuwa ndani ya mulango," Kasika alisema. "Utasema hii mbele ya watu?"

"Nikikataa?"

"Nitaisema mimi, na wewe utakuwa umesimama pembeni unasikiliza."

Callixte aliishusha mikono ya shati, lakini wa kovu akauacha juu.

Lakini titulaire mwenye hofu ni shahidi mwepesi, na Kasika alijua wakili yeyote wa mjini angempeperusha. Alirudi uani kwa mbuzi.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wa mbali hawalijui. Vilimani kwetu, mwanaume akimwaga damu ya mwanamke asiye wa nyumba yake, nyumba yake hupeleka mbuzi siku ileile. Mwenye mji ndiye hufunga kamba, yaani mke. Hasemi neno, anafunga na kuondoka. Maneno watayasema wazee baadaye. Na hakuna mtu duniani anayepeleka mbuzi kwa ajili ya kosa la mwingine. Ukifunga kamba ile, umesema: damu hii iko mlangoni kwetu. Wala komite haipeleki mbuzi. Komite hupeleka hotuba.

Kasika alimfungua mbuzi mwenyewe, akamvuta mpaka mbele ya veranda, katoni ya glavu mdomoni. Damien alikuwa ameuweka mlango wa chumba wazi ili Valens aone na kusikia kutoka kitandani. Kétsia alimleta Claudette akimshika kiuno, wakasimama.

"Hii mbuzi haina mwenyewe," Kasika alisema kwa sauti ile ya ng'ambo ya shamba. "Titulaire anasema ni ya komite. Wanakomite wako hapa? Nani kati yenu alifunga kamba?"

Wazee wawili wa komite waliangaliana. "Hatujatuma mbuzi," mmoja alisema, karibu akereke. "Tutatumaje mbuzi juu ya kijana hatujui hata baba yake? Sisi ni watu ya Shema?"

"Basi ni ya Shema mwenyewe."

Wanawake walicheka. "Shema hana hata kiatu!"

"Ao imejifunga. Mama OPJ, ikamate!" Mukagasana alisema.

"Kama haina mwenyewe," Kasika alisema, "Damien ataichinja sasa hivi, polisi wakule. Kisu iko?"

"Iko, Mama," Damien alisema kwa furaha ya kweli.

"Hapana."

Sauti ilitoka ndani. Nyiransabimana alitoka mlangoni na sahani ya bugali bado mkononi.

"Nyira!" Valens aliita kutoka kitandani. "Rudi!"

Hakurudi. Aliiweka sahani chini, akamwendea Claudette, wala hakumkaribia sana.

"Musiichinje. Ikikuliwa na muntu mwingine, itakuwa sikuileta. Ni yangu. Nilifunga mimi. Bwana alinikataza kusema, sikusema. Lakini kamba hakunikataza. Miaka hii yote nalala mu nyumba ile. Nisingelala na damu yako mulangoni, mama muganga. Ulinizalishaka watoto wawili."

Kisha Callixte, mkono wa kovu wazi, akasema mbele ya watu wote: "Mimi njo nilihamisha seromu. Mushipa ya kushoto ilikuwa imepasuka. Mumutoe mukono chini ya blanketi muone."

Damien aliingia akaliinua blanketi. Mkono wa kushoto wa Papa Valens ulikuwa umevimba, mweusi wa damu iliyoganda chini ya ngozi tangu kiganjani hadi kiwiko.

"Ilikuwa ni hasira!" Valens alipiga kelele. "Muntu ya malaria hana akili yake! Na mbuzi imeletwa! Mambo imekwisha, Mama OPJ, kwa desturi imekwisha. Claudette, mutoto wangu, kubali mbuzi."

Wote waligeuka. Hapo ndipo kesi nyingi zimezikwa, pale pale, kwa nyama na pombe ya mandale. Claudette alijitoa mikononi mwa Kétsia akasimama peke yake.

"Mama Nyira, wewe sina shida na wewe. Rudisha mbuzi yako izae." Kisha akasema kuelekea mlangoni. "Papa Valens, malaria unayo, lakini akili unayo pia. Shema ndiye hakuwa na akili jana, na hakunipiga. Wewe ulichagua saa ya mvua. Hii kisogo si ya kukula na mandale. Nilisoma kule Mubi na njaa, nikarudi hapa kwetu wakati wenzangu walibaki mujini. Nimepokea watoto ya nusu ya hii kilima, na yako ndani. Mukono wangu haujaangusha hata mumoja. Unanielewa? Mukono wangu. Sitakuja kazi kwa kuinama tena, wala Kétsia, wala muntu yeyote mwenye kuvaa nyeupe hapa."

Mwanamke mwenye miguu mirefu alipiga vigelegele. Benchi nzima ikafuata, na matumbo yakitikisika.

"Papa Valens," Kasika alisema, "unashuka na mimi."

"Niko mugonjwa!"

"Utatibiwa kwanza." Alimtazama Claudette.

"Mimi simuguse," Claudette alisema. "Iko haki yangu."

"Mimi nitamupa vidonge," Kétsia alisema. "Damien asimame karibu na kitanda. Na toka leo, chumba ile haingii muuguzi mumoja peke yake na mugongo nyuma. Wazee ya komite, mumesikia? Hamuna tena rais. Muko na kazi."

Wazee walisikia. Mmoja alikwenda mwenyewe kuchukua mti wa seromu karibu na kitanda cha Valens, akaupeleka kwa Shema.

Ilibaki kitu kimoja, na ndicho kigumu. Kasika aliuita umati karibu.

"Mimi nikifika kule chini, parquet, yule wa mashitaka, ataniuliza nani aliona. Bibi yake hatamushitaki bwana yake mbele ya juji, hata mimi simulazimishe. Titulaire watasema alificha mwanzo. Mrija iko shahidi nzuri lakini haina kinywa. Masisi watasema ni ya Walikale, Walikale watasema ni ya Masisi, na kesho kutwa Papa Valens atarudi hapa kucheka. Nataka muntu mwenye aliona na macho. Dirisha iko na tundu. Benchi inaangalia dirisha."

Watu wakaanza kutazama kucha zao. Mmoja akakumbuka moto aliouacha jikoni.

Mukagasana aliinuka, kwa shida, mkono mmoja ukisukuma benchi.

"Mvua nilikuwa nimeipa mugongo," alisema. "Nilimuona. Aliinua na mikono mbili. Nikajiambia, yule ni rais, wewe ni nani. Bon. Mimi ni mwenye kuona. Pikipiki iko na nafasi?"

"Utazaa njiani, wewe!" mmoja alimwambia.

"Basi Kétsia atakuja na mimi. Ama nizae hapa, na nani, kama hawa waganga wameacha kazi?"

Akatembea hadi kwenye pikipiki akakaa, mgongo umenyooka kama aliyealikwa harusini. Yule mwenye miguu mirefu akamwangalia, akatukana kidogo, akafunga kitenge vizuri. "Mimi pia nilisikia Rais anamutukana juu ya bati. Nitembee kwa miguu, nitawakuta Kibua." Akaanza kushuka. Mwingine akasimama.

Na wewe? Umesoma hadi hapa, basi umeona. Ulikuwepo kwenye kofi la chanjo, kwenye panga, kwenye jino. Kuna kituo karibu na kwako, na kuna muuguzi ndani yake leo ambaye mtu amemtisha na watu wanasema labda alijibu vibaya. Hatakuomba. Ana wagonjwa. Inuka sasa, kabla hujafunga kitabu hiki, nenda ukaseme jina la aliyempiga mbele ya mwenye kuandika kesi, na jina lako pembeni yake. Njia iko wazi, wanawake wenye mimba wameshatangulia. Inuka.